Uzoefu wangu: p53 ya binadamu, kichupa cha maikrogramu 20, hapa Malindi

Bidhaa hii ni p53 kamili, amino asidi 393, iliyotengenezwa ndani ya bakteria wa E. coli na kuwekewa mkia wa histidini sita (wa kuisafishia). Ndiyo protini inayoshika DNA na kuwasha jeni kama p21 seli inapoumia. Nimetumia vichupa vitatu kwa kazi moja tu: kupima inavyoshika DNA kwenye jeli, ambako DNA iliyoshikwa hutembea polepole na kutoa mstari wake wa juu.

Usafi wake hauna kasoro. Kwenye jeli ya SDS, inayotenganisha protini kwa ukubwa, unaonekana mstari mmoja karibu na kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 53. Usishtuke ukipiga hesabu ya amino asidi ukapata takriban 44. Sehemu yake yenye prolini nyingi huichelewesha kwenye jeli, na jina p53 lilitokana na kipimo hichohicho.

Adui ni joto. Kwa nyuzi 37 kiini chake kinachoshika DNA huanza kukunjuka ndani ya dakika chache, na kikishakunjuka hujiganda mabongemabonge na hakirudi. Kwa hiyo sanduku litoke Nairobi na barafu kavu, yenye nyuzi hasi 78, na kama linapitia Mombasa kwa barabara, agiza barafu ya siku moja zaidi. Msafirishaji akijitolea kuongeza barafu ya samaki njiani, mkatalie kabisa: hiyo iko kwenye sifuri, itayeyusha kichupa, na ukikigandisha tena umepoteza sehemu ya protini.

Muuzaji anaweka mikrolita 100 zote kwenye kichupa kimoja. Hili ndilo lalamiko langu kubwa. Siku ya kwanza yeyushia juu ya barafu, zungusha kwenye sentrifuji kwa sekunde chache kabla ya kufungua (matone ya protini huweza kubaki kwenye kifuniko), kisha gawa mikrolita 5 kwa 5 na uweke kwenye friza ya hasi 80. Kila kijichupa kitumike mara moja tu, kinachobaki kitupwe.

Lebo inasema miligramu 0.2 kwa mililita, yaani takriban maikromola 4.5. Lakini p53 hushika DNA zikiwa nne zimeungana, basi gawa kwa 4: maikromola 1.1. Hata hapo, lebo inahesabu protini yote, nzima na iliyoharibika. Kiasi kilicho hai kipime mwenyewe. Weka DNA yenye shabaha ya p53 kwa nanomola 100, ongeza protini hatua kwa hatua, utazame jeli inashiba wapi, yaani DNA yote imeshikwa. Kichupa changu cha pili kilishiba kwenye nanomola 250 za zile nne-nne, kwa hiyo kilichokuwa hai ni asilimia 40 tu. Bila jaribio hilo namba zote zinazofuata zingekuwa za uongo.

Bafa ninayotumia: HEPES milimola 20 yenye pH 7.5, KCl milimola 50, DTT (kinga dhidi ya kuoksidika) milimola 2, gliseroli asilimia 10, na albumini ya ng'ombe miligramu 0.1 kwa mililita ili p53 isinate kwenye plastiki. DTT itengenezwe siku hiyohiyo. Kila p53 imebeba zinki moja iliyoshikwa na sisteini tatu na histidini moja. Sisteini zikioksidika, zinki hutoka na mshiko wa DNA unakufa. EDTA nayo huinyang'anya zinki, ndiyo maana jeli naiendesha kwa Tris na glisini badala ya TBE, bafa ya jeli yenye EDTA ndani yake, ndani ya friji ya nyuzi 4. Hesabu pia chumvi inayokuja na protini, maana ikizidi mstari hufifia.

Maelekezo yakisema "joto la chumba", yanamaanisha nyuzi 20 hadi 25. Chumba cha Malindi wakati wa kaskazi kinazipita hizo. Acha mchanganyiko wa p53 na DNA juu ya barafu dakika 30.

Usisahau DNA ya kulinganishia ambayo herufi CATG za shabaha yake zimebadilishwa kuwa AATT ili p53 isiitambue. Ncha ya mwisho ya p53 hung'ang'ania DNA yoyote ile, na bila poly(dI-dC), DNA bandia ya kuishughulisha ncha hiyo, utaona mstari mzuri usio na maana.

Natoa nyota nne kwa kazi ya jeli. Kama unachunguza fosforilesheni (protini kubandikwa fosfeti), usiinunue: bakteria hawaweki fosfeti hizo. Tafuta iliyotengenezwa kwenye seli za wadudu, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.