Mapango ya Mlima Elgon kwa miguu, mimi na anti yangu

Mwaka jana nilienda Elgon na nikarudi nikiambia watu nimeiona. Jamaa aliyetupangia safari alitupeleka na gari hadi karibu na pango la Kitum, tukapanda kidogo, tukapiga picha pale mdomoni na baada ya dakika 20 tukaambiwa turudi garini. Mwezi uliopita nimerudi na nikaizunguka kwa miguu, na sasa najua ile ya kwanza sikuona kitu.

Safari hii nilienda na anti yangu, ana miaka 58 na goti la kushoto humsumbua, nasema hivyo mapema kwa sababu kila mtu ananiuliza kama hii njia ni ya watu wa kawaida ama ni ya wale wa kupanda milima na kamba. Ni ya watu wa kawaida, ila usiende na ndala. Tulitoka Kisumu Ijumaa, tukalala Kitale, asubuhi mapema tukashika matatu ya Endebess halafu boda mpaka geti ya Chorlim, ya kuingia paki ya Mlima Elgon. Malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, cash hawachukui, kwa hivyo maliza hiyo kazi ukiwa Kitale.

Ukitaka kutembea unaenda na afande wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki, maanake ndani kuna nyati na ndovu. Wetu alikuwa mtu mpole sana, alimwita anti "mama" siku nzima na akamkatia fimbo bila kuombwa, na tulipoingia kwenye kivuli cha zile podo kubwa, miti ambayo watu watatu mkishikana mikono hamfiki, akatuambia tupunguze sauti. Mbega walikuwa wanaruka juu, ile mikia meupe inapepea tu. Mbele kidogo tukapata mavi ya ndovu katikati ya njia, afande akayapasua na mti, ndani bado yalikuwa na unyevu, akasema walipita usiku. Hapo anti akanishika mkono na hakuuachilia mpaka tukatoka kwenye hiyo kona. Ukiwa ndani ya gari huwezi kuhisi hicho kitu, yaani haiwezekani.

Kitum yenyewe, wengi wanaijua kwa sababu ya ndovu. Wanaingia usiku, gizani kabisa, wanakwangua ukuta na pembe zao halafu wanakula ile mawe kwa sababu ya chumvi, majani wanayokula huku mlimani hayawapi ya kutosha. Afande alimulika tochi kwa upande na nikaona mistari, mingine mirefu kama mkono wangu, imepangana kama mtu amelima ukuta na jembe. Anti alisimama hapo muda mrefu akaniuliza, na mtoto wa ndovu anajuaje njia gizani? Afande akamwambia anamfuata mamake. Nimefikiria hilo jibu wiki nzima.

Lakini msiende ndani kabisa kule kwenye popo, tafadhali. Mwaka wa 1980 na tena 1987 kuna watu waliugua Marburg, ugonjwa hatari wa virusi ambavyo popo hubeba, baada ya kutembelea hilo pango na wakafariki. Sisi tulivaa maski, hatukushika ukuta, tukakaa pale mwanga unafika. Ukiwa na mtoto mdogo ningesema baki nje naye.

Watu wengi huishia hapo, na hilo ndilo kosa. Endelea mpaka pango la Makingeny, ndilo kubwa zaidi na maji yanaanguka mbele ya mdomo wake kama pazia, unaingia nyuma ya maji na unatazama msitu kupitia hapo. Kupanda kwenda huko ndiko kugumu, mawe yana utelezi na goti la anti lililalamika, tulipumzika mara nne hivi na hakuna mtu aliyetuharakisha. Kuteremka ni polepole zaidi, fimbo ilisaidia sana.

Kwa jumla tulitumia masaa tano na kupumzika ndani yake. Tulirudi getini saa nane na mvua ikaanza hata kabla boda hajafika, kwa hivyo anzeni mapema, mchana huko hunyesha ghafla. Bebeni maji, tochi nzuri si ile ya simu, viatu vya kushika matope na sweta, maana hata jua likiwaka Kitale huko juu chini ya miti ni baridi. Tukirudi Desemba nitalala kule kule ndani ya paki, nataka nisikie huo msitu usiku.