Glock 30 au Glock 36: ipi ya kuficha kiunoni?

Zote ni bastola fupi za Austria, na zote hutumia risasi nene ya .45 ACP, aliyoibuni John Browning mwanzoni mwa karne ya 20. Mitutu inalingana kwa urefu. Kinachozitenga ni magazini (kasha la risasi linaloingia mpinini): ya Glock 30 hupanga risasi safu mbili, jumla 10, ya Glock 36 ni safu moja, 6 basi.

Unene unatokana na hapo. Ukiivaa Glock 30 ndani ya suruali, kitako hutuna chini ya shati kila unapoinama kufunga kamba za viatu, na mkono mdogo hauuzunguki vizuri mpini wake. Glock 36 ni nyembamba na nyepesi, hulala ubavuni hadi unaisahau (usiisahau!). Lakini .45 ina teke (msukumo wa kurudi nyuma unapofyatua), na bastola nyepesi hukuachia teke hilo kiganjani.

Mimi ningechukua 36, maana bastola inayokera huishia kuachwa nyumbani. Zote mbili hazina kitufe cha usalama cha kusukuma kwa dole gumba, kwa hiyo mkoba mgumu wa kuvalia bastola, unaofunika kifyatulio chote ni lazima.