Vidonge vya DHEA: nilifuata ujana, nikapata ndevu

Nyota mbili kati ya tano, na hizo mbili ni za kopo na bodaboda aliyelileta.

Nina miaka 54, nauza mawese soko la Mwanga hapa Kigoma. Hedhi ilikoma mwaka juzi, na tangu hapo joto linanipanda kutoka kifuani hadi utosini bila hodi, hata mvua ikinyesha. Usiku nabadilisha kanga mara mbili. Mwenzangu wa soko akanionyesha tangazo la dada mmoja anayeuza virutubisho kwa WhatsApp: vidonge vya DHEA, homoni ya ujana, nguvu, ngozi, usingizi. Nikatuma 75,000, jioni kopo likafika.

Kwa sura silaumu. Lakiri haijaguswa, tarehe ya kuisha bado mbali, vidonge 60 vya miligramu 25, vidogo, vinamezeka vizuri. Nyuma kuna maandishi kama macho ya dagaa, yote Kiingereza. Binti yangu alinisomea wiki ya tano, wakati pesa imeshakwenda: mamlaka ya dawa ya Marekani haijayapima madai haya, na bidhaa haikusudiwi kutibu ugonjwa wowote. Yaani kopo lenyewe linasema ukweli kuliko muuzaji.

Wiki mbili za mwanzo nilijiona nina nguvu, ila nadhani ni ile 75,000 iliyokuwa inanisukuma. Joto lilibaki palepale. Wiki ya tatu zikatoka chunusi mgongoni na kidevuni, mimi ambaye hata usichanani sikuzijua. Halafu Jumapili moja namsuka mjukuu wangu, kakaa katikati ya magoti, akainua uso: “Bibi, una ndevu.” Nikacheka. Nikaenda kwenye kioo. Tatu, nyeusi, ngumu kama uzi wa wavu.

Kopo nikalifunga kwenye kanga nikaenda nalo famasi. Yule binti wa dirishani, kabla hajalifungua, aliniuliza: “Mama, una presha? Unatumia dawa gani nyingine? Kwenu kuna aliyeugua saratani ya matiti?” Nikanyamaza. Dada yangu mkubwa alikatwa titi.

Akanieleza taratibu. DHEA hutengenezwa na tezi zilizo juu ya figo, huwa nyingi ukiwa na miaka ya ishirini, kisha hushuka kadiri unavyozeeka. Ukiimeza, mwili unaigeuza kuwa estrojeni, homoni ya kike, na testosteroni, homoni ya kiume. Ndevu na chunusi zimetokea huko kwenye testosteroni. Estrojeni ndiyo iliyomtia wasiwasi yeye, kwa sababu ya dada yangu. Na kule kupungua kwenyewe, akasema, si ugonjwa. Mwaka 2006 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani walitoa majibu ya wazee waliopewa homoni hii miaka miwili: nguvu za mwili hazikuongezeka wala maisha hayakuwa bora kuliko ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani. Ipo DHEA iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, ila ni ya kuweka ukeni, kwa wanawake waliokoma hedhi wanaoumia wakati wa tendo. Hilo nalo ni tatizo la wengi wetu, tunalificha tu. Lakini si hivi vya kumeza, na si vya kurudisha ujana.

Kwa joto langu akaniambia niende kwa daktari: dawa za homoni zipo na zinasaidia, ila daktari hampi mtu yeyote bila kwanza kuuliza historia ya familia.

Nikamrudia muuzaji. “Mama, hiyo ni sumu inatoka mwilini, meza viwili viwili.” Kurudisha pesa hataki. Sijui angejibu nini ningemwambia habari za dada yangu. Hakuwahi kuniuliza, siku ya kununua wala siku ya kulalamika.

Vidonge 25 vimebaki kabatini. Chunusi zimekauka. Ndevu moja bado inarudi, na kila Jumapili mjukuu ananing'olea kwa kibano, anadai mia mbili.