Chuchu nyekundu ya Pritchard kwa wanambuzi wa pygmy: inafaa, ikikatwa vizuri

Mbuzi wa pygmy, aina ya mbuzi wafupi, asili yao ni Kameruni na nchi jirani za Afrika Magharibi, lakini leo wanafugwa sana majumbani Uingereza na Marekani. Anayenunua wanambuzi ambao bado wananyonya anahitaji chupa siku ileile, na kati ya chuchu zinazouzwa kwenye maduka ya mifugo, tunapendekeza Pritchard kwanza. Ni mpira mwekundu laini uliokaa kwenye kifuniko cha plastiki ya njano, nacho hufungwa kwenye chupa ya kawaida ya soda.

Sababu kubwa ni udogo wa mdomo. Mwanambuzi wa pygmy huzaliwa na kilo 1 hadi 2 tu, na ile chuchu nene ya wanakondoo inayovalishwa shingo ya chupa humjaa kinywani akashindwa kuibana. Chuchu za watoto wachanga anaziweza siku za mwanzo, halafu meno huzitafuna zikachanika.

Pritchard huja haina tundu, na hapa ndipo wengi huharibu. Kata ncha kidogo sana, milimita 1 au 2, kisha jaza chupa maji na uigeuze. Maji yadondoke tone moja moja. Yakichuruzika, tundu ni kubwa mno: maziwa yatashuka kasi kuliko anavyomeza, mengine yaingie mapafuni, na nimonia humuua mwanambuzi upesi. Tupa hiyo, ununue nyingine. Tundu likiwa dogo mno atanyonya mpaka achoke kabla ya kushiba; hilo linarekebishika, ongeza kidogo kwa mkasi.

Kwenye kifuniko kuna vali ya hewa yenye kigololi. Maziwa yakikaukia pale, kigololi hunata, chupa inabonyea na mnyama ananyonya bila kupata kitu. Suuza mara tu anapomaliza, kwanza kwa maji ya vuguvugu, kisha maji ya moto na sabuni. Tikisa mpaka usikie kigololi kinacheza.

Kasoro yake moja ni nzito. Mpira umeshikwa na kingo za kifuniko tu, na mwanambuzi wa wiki sita huvuta kwa nguvu kiasi cha kuuchomoa na kuumeza. Uvute kwa mkono kabla ya kila mlo, na wakati wa kunyonyesha vidole vyako vizunguke shina la chuchu. Ukiona ufa, badilisha.

Mwanambuzi aliyekuwa ananyonya kwa mama yake ataikataa chupa, wala si kosa la chuchu. Mfunike macho kwa kiganja, maana kwa mama alizoea giza la ubavuni, shikilia taya kwa chini na ubonyeze tone moja ulimini. Asimame kwa miguu yake, chupa iwe kwenye usawa wa kiwele, shingo ya mwanambuzi imeinuka kidogo tu. Kumlaza chali kama mtoto mchanga ni hatari, kwani maziwa hupotea njia.

Maziwa yawe na joto la nyuzi 38 hadi 40. Mwenye kilo 2 anahitaji mililita 300 hadi 400 kwa siku, zigawanywe mara nne. Atalia aongezwe, usimwongeze, maana kumjaza kwa mkupuo humletea kuhara na tumbo kujaa gesi. Muulize muuzaji alikuwa akimpa maziwa gani, uendelee nayo hayohayo, na ukitaka kubadilisha changanya taratibu kwa siku nne au tano. Ukitumia ya unga, chagua yenye protini ya maziwa. Ya soya huwasumbua tumbo.

Kabla ya chupa ya kwanza baada ya safari, mpime joto kwa kipimajoto kinachoingizwa kwenye njia ya haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 38.5 hadi 39.5. Akiwa chini ya 37, mpashe joto kwanza, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi maziwa.

Chuchu hii inawatosha pia wanambuzi wa kienyeji wa Afrika Mashariki, ambao huzaliwa na ukubwa unaokaribiana na huo. Kwa kuwa mbuzi hafugwi peke yake, nunua chuchu tatu kwa wanambuzi wawili. Mmojawapo ataichana moja kabla hajaachishwa kwenye wiki ya 8 hadi 12.