TAHADHARI: "Oska" wanaouzwa usiku hapa Mwanza ni sangara wachanga

Ndugu zangu mnaofuga samaki wa mapambo, hasa mlioanza juzijuzi, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anapita kwenye magrupu ya WhatsApp akitangaza "oska wa kigeni, mla nyama, anafaa tenki dogo". Picha anazotuma ni za oska kweli, yule samaki wa mapambo wa kutoka Amerika ya Kusini. Anachokuletea ni sangara mchanga wa humu humu ziwani, na safari nyingine kamongo mdogo. Anataka hela yote kwa simu kwanza, halafu mnakutana giza likishaingia, upande wa Buzuruga au Nyegezi, samaki wakiwa kwenye ndoo ya rangi iliyofunikwa. Ukimpigia kesho yake, hapatikani.

Kijana wa jirani yangu kalizwa hivyo hivyo. Nilipoitwa kuangalia, samaki wake wa dhahabu walikuwa wameisha. Wa mwisho alikuwa bado mkia unachungulia mdomoni mwa huyo "oska". Mtoto analia, na hela ilikuwa ya akiba yake.

Akulazimishe vipi, mmulike samaki kwa tochi kabla ya kulipa. Oska ana mwili mpana wa duara, na kwenye shina la mkia ana doa jeusi lililozungukwa na rangi ya chungwa. Sangara mchanga ana mabaka ya kahawia, taya la chini limetokeza mbele, pezi la mgongoni limegawanyika, na shavuni ana miiba inayochoma ukimshika. Kamongo mapezi yake ni membamba kama nyuzi, huwezi kumkosea.

Uongo wake mkubwa ni huu: "samaki hukua kulingana na tenki". Si kweli kabisa! Sangara hufika karibu mita 2 na kilo 200, na kamongo naye hukaribia urefu huo. Tenki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo wengi wetu tunalo, linabeba lita 54 tu. Samaki akidumaa humo ujue anaumwa: mla nyama huchafua maji haraka, na uchafu huo ndio unaomdhoofisha hadi afe. Tena sangara hawezi maji yenye hewa kidogo. Umeme ukikatika usiku pampu ikasimama, asubuhi unamkuta anaelea. Kamongo yeye huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo ukijaza tenki hadi kwenye mfuniko unamuua. Na anauma vibaya, msiwaache watoto waingize mikono.

Hata angekuletea oska halisi, bado amekudanganya. Oska hufika sentimita 30 na zaidi. Mmoja peke yake mtengee lita 300 hivi. Mwenye lita 54 aachane na walao nyama wakubwa wote.

Halafu kuna sheria. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo huyu muuzaji anakuuzia na kesi juu yake.

Kama umeshamnunua, usimrudishe ziwani, maana ameshakaa na samaki wa kigeni na anaweza kubeba magonjwa yao. Mweke peke yake, kisha muone afisa uvuvi wa eneo lako. Usifute meseji wala risiti ya muamala. Nendeni nazo polisi, na mkiwa wengi pamoja ni rahisi zaidi kusikilizwa.