Kizimba cha Simbilisi cha Kujitengenezea: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Dukani

Vizimba vinavyovutia kwenye picha vimejaa: kuta za mbao nyeupe, taa ndogo, kijumba chenye paa la rangi. Nyingi ya picha hizo zimepigwa siku ya kwanza, kabla simbilisi hawajaingia na kukojoa. Na simbilisi hukojoa sana, tena popote anapojisikia. Kwa hiyo vizimba hapa nimevipanga kwa swali moja: baada ya miezi mitatu ya mkojo, nyasi na kutafunwa, kipi bado utapenda kikae sebuleni?

Kabla ya kugusa kifaa chochote, chukua futi ukapime nafasi uliyo nayo. Simbilisi hapandi wala haruki juu kama panya. Maisha yake yote yako chini, na anapofurahi hukimbia moja kwa moja kisha akageuka ghafla. Kinachohesabika ni sakafu isiyokatika. Kwa simbilisi wawili usishuke chini ya mita ya mraba 0.7, na ukiweza kufika 1, fika. Madume wawili wanahitaji zaidi, maana wakibanana hugombana. Wawili ndiyo idadi ya kuanzia kwa sababu ni wanyama wa kundi. Uswisi, tangu 2008, sheria hairuhusu kumfuga mmoja peke yake. Umbo la mstatili mrefu ni bora kuliko mraba, hata kama eneo ni lilelile.

Nafasi ya kwanza: paneli za waya na plastiki ya mabango

Hiki ndicho ninachompendekezea karibu kila mtu. Kuta ni zile paneli za waya za sentimita 35 kwa 35 ambazo watu huziunga kuwa rafu za nguo au viatu. Sakafu ni plastiki nyepesi yenye mifereji ndani, ile wanayochapia mabango ya matangazo. Wengine huiita koroplasti. Paneli 12 zinatosha kuzungushia kizimba cha paneli mbili kwa nne, karibu sentimita 70 kwa 140, na hapo umepata takribani mita 1 ya mraba. Hakuna msumeno, hakuna msumari, na ukihama nyumba unakikunja na kuondoka nacho.

Ukifika dukani, hesabu matundu ya paneli kabla ya kulipa. Yenye matundu 9 kwa 9 ndiyo salama. Yenye 8 kwa 8 matundu yake ni makubwa kiasi, na simbilisi mdogo anaweza kupenyeza kichwa kikakwama. Kama jike ana mimba usichezee jambo hili kabisa, maana watoto huzaliwa wakiwa na manyoya na macho wazi, na ndani ya saa chache wanatembea huku na huku wakitafuta mwanya.

Viunganishi vya plastiki vinavyokuja na paneli hulegea. Nunua pia vifungio vya plastiki vya kufungia nyaya, ufunge kila pembe juu, katikati na chini, kisha ukate mikia karibu na fundo na kugeuzia ncha nje. Ncha iliyobaki ndani hukwaruza jicho.

Sasa sakafu, ambayo ndipo wengi huharibu. Simamisha kuta kwanza, halafu upime ndani, kwa sababu viunganishi huongeza sentimita ambazo hesabu ya karatasini haizioni. Kwa kila upande ongeza sentimita 15 za kukunja juu. Kizimba cha ndani 71 kwa 142 kinataka kipande cha 101 kwa 172. Chora mstari sentimita 15 kutoka kila ukingo, kisha pitisha kisu cha kukatia karatasi juu ya mstari kwa mkono mwepesi, ukate ngozi ya upande mmoja tu wa plastiki. Kunja ukielekea upande ambao hukuukata. Upande uliokatwa uwe chini na nje. Ule mzima, laini, ndio unaotazama simbilisi. Ukigeuza, mkojo utaingia kwenye mifereji kupitia ule mkato, na hakuna dawa ya kusafishia itakayoufikia humo. Kwenye pembe kata mstari mmoja tu, sehemu inayobaki ikunje kwa nje, ubandike kwa utepe mpana wa gundi upande wa nje. Usikate pembe yote ukaitupa, maana utabaki na ufa pale pale mkojo unapokusanyika.

Kwa sura, chagua plastiki ya rangi moja tulivu na paneli nyeusi au nyeupe. Rangi ni yako wewe. Simbilisi anaona rangi chache kuliko sisi. Plastiki nyeupe inaonyesha uchafu mapema, na kwa maoni yangu hilo ni jambo jema. Kijani cha majani au buluu iliyokolea inaficha mpaka pua ikuambie.

Udhaifu wake? Kikiwa kitupu kinafanana na ghala. Nitalirudia hili.

Nafasi ya pili: plaiwudi iliyozibwa vizuri

Kwa uzuri peke yake, mbao ingeshika namba moja. Imeshuka kwa sababu ya neno "iliyozibwa". Mbao tupu hunywa mkojo, na harufu ikishaingia haitoki.

Ukiamua mbao, nunua plaiwudi ya milimita 12. Karatasi moja ya kawaida ya sentimita 122 kwa 244 inatosha kizimba kizima: sakafu 122 kwa 80, ukuta wa nyuma 122 kwa 35, ubao wa mbele 122 kwa 20, na pembeni vipande viwili vya 80 kwa 35. Maduka mengi ya mbao yana mashine ya kukatia, kwa hiyo wape vipimo wakukatie. Mikato iliyonyooka ndiyo inayotofautisha kizimba cha kupendeza na sanduku la mizigo. Mwachie fundi milimita chache za upana wa msumeno kwenye kila mkato. Juu ya ule ubao wa mbele ongezea akriliki, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, au wavu wa waya, mpaka ufike urefu wa 35. Mimi ningechukua akriliki. Inaonyesha wanyama bila kukatwakatwa na waya, na nyasi hazimwagiki sakafuni.

Funga kwa skrubu, sio misumari, ili siku moja uweze kukifungua. Piga msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa. Kisha paka vanishi au rangi ya maji angalau mara tatu, ukiacha kila tabaka likauke, na kila ukingo uliokatwa uupake zaidi kwa kuwa huko ndiko plaiwudi hunywa maji haraka. Mishono ya ndani jaza silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Halafu subiri. Ingiza kichwa ndani ya kizimba. Kama pua bado inanusa rangi, simbilisi wasiingie. Sakafuni tandika kapeti la plastiki linalopanda ukutani sentimita kadhaa, ili siku likichakaa ubadilishe hilo tu.

Meno ya simbilisi hayaachi kukua, kwa hiyo hutafuna. Kingo zilizo wazi ndizo zitakazoliwa kwanza. Kipande cha alumini chenye umbo la L juu ya kingo inazuia kutafunwa na wakati huohuo inakipa kizimba umaliziaji safi. Ni kifaa kimoja kinachofanya kazi mbili, nami nisingekiacha.

Nafasi ya tatu: samani kuukuu

Rafu ya vitabu ikilazwa kwa mgongo na kutolewa mbao za kati inakuwa sanduku refu lenye kuta tayari. Rafu yenye upana wa sentimita 80 na urefu wa mita 2 inakupa mita za mraba 1.6, sakafu kubwa kuliko vizimba vyote vya juu. Meza ya kahawa ikipinduliwa, miguu yake inakuwa nguzo za pembeni. Zungushia wavu na umemaliza. Kabati la nguo lililolala nalo linafaa, mradi milango iondolewe.

Angalia samani imetengenezwa kwa nini. Mbao halisi, chukua. Chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, fikiria mara mbili. Juu imefunikwa vizuri, lakini kwenye mikato na matundu ya skrubu haina kinga, na ikilowa huvimba kama mkate kwenye chai. Inawezekana kuiokoa kwa silikoni na kapeti la plastiki, ila kazi hiyo haitofautiani sana na ya kutengeneza kipya. Samani iliyopakwa rangi ya zamani ambayo hujui asili yake iache hapo hapo, kwa sababu baadhi ya rangi za zamani zina madini ya risasi yenye sumu na simbilisi atazitafuna.

Kwa mtu mwenye jicho la kupanga nyumba, hii ndiyo njia inayoleta vizimba visivyofanana na vya mtu mwingine yeyote. Kwa mtu anayetaka kumaliza leo, hapana.

Nafasi ya nne: cha dukani, kisha ukiongezee

Vizimba vya dukani vyenye beseni la plastiki na waya juu husafishika vizuri. Tatizo ni sakafu. Kile cha sentimita 100 kwa 50, ambacho boksi lake linakitaja kuwa kikubwa, ni nusu mita ya mraba tu. Kama unacho tayari usikitupe: toa mlango wa pembeni, uunganishe na uzio wa paneli za waya, na beseni ligeuke chumba cha kulia nyasi. Kununua kipya kwa ajili hiyo sioni sababu.

Vya kuacha

Tangi la samaki liko mwisho kabisa. Kioo kinapendeza, lakini hewa haipiti. Mkojo unapooza hutoa amonia, na amonia hubaki chini walikolala. Mapafu ya simbilisi hayavumilii hilo.

Sakafu ya waya, hata nusu yake, iache pia. Nyayo zao hazina manyoya, na kukanyaga waya kila siku huleta vidonda vinavyovimba na ambavyo kuponya kwake ni kazi ndefu.

Vizimba vya ghorofa huuzwa kwa hoja ya kuokoa nafasi. Ghorofa haihesabiwi kama sakafu. Ukitaka moja kwa ajili ya mwonekano iweke, iwe fupi, yenye ngazi pana ya mteremko mdogo na kuta pande zote mbili, lakini sakafu ya chini peke yake iwe imetosha kwanza. Ndoo kubwa za plastiki za kuhifadhia vitu zinafaa tu kwa safari ya kwa daktari wa mifugo na kwa siku ya usafi.

Uzuri unatoka wapi

Rudi sasa kwenye kile kizimba cha waya kinachofanana na ghala. Kipandishe juu ya meza ya chini au kabati fupi lenye mbao imara chini ya plastiki yote, na hapo hapo kinageuka samani. Chini yake weka nyasi na vifaa vya usafi nyuma ya pazia. Simbilisi nao hutulia zaidi wanapokuona usoni kuliko unapowajia kutoka juu, maana hatari yao ya asili ni ndege wa kuwinda.

Ndani, weka vijumba viwili kwa wanyama wawili, kila kimoja chenye milango miwili ili mmoja asimfungie mwenzake. Kipande kirefu cha kitambaa kikining'inia kutoka waya mmoja hadi mwingine kinatoa kivuli kama kijumba na kinafuliwa. Chagua rangi mbili za vitambaa, sio sita. Hapo ndipo vizimba vingi hupoteza sura: kila kitu ndani kina rangi yake.

Matandiko: kitambaa cha flisi, kile laini cha blanketi jepesi, juu ya taulo inayonyonya ndicho kinachopigwa picha nyingi, lakini lazima kifagiliwe kila siku na kufuliwa kila baada ya siku chache. Kama hutaki kufua, tandika karatasi iliyosagwa kwa ajili ya wanyama, au maranda ya mbao yaliyokaushwa kwa joto na kuchujwa vumbi. Maranda ya mwerezi usiyaingize, hata kama yananukia vizuri. Harufu hiyo ndiyo inayodhuru.

Paa si lazima kama kuta zina sentimita 35 na nyumba haina paka, mbwa wala mtoto mdogo. Ikiwa yupo mmojawapo, funika kwa paneli zilezile na uzifunge upande mmoja kwa vifungio, ziwe kama bawaba.

Kiweke mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Nyuzi joto 18 hadi 24 ndiyo hali yao. Zikipanda sana huanguka kwa joto haraka kuliko mbwa au paka. Pima pia upana wa mlango wa chumba kabla hujakaza skrubu ya mwisho, kwa sababu kizimba cha plaiwudi cha sentimita 80 kilichotengenezwa uani hakiingii bapa kwenye mlango wa 75, na kukilaza kwa ubavu kunataka watu wawili.