Mafunzo ya HEADS UP kwa makocha wa soka la watoto

Sisi tunaofundisha timu za watoto hapa Marekani, wengi wetu ni wazazi tu tuliokabidhiwa filimbi kwa sababu tulifika uwanjani mapema, na ndiyo maana klabu yetu haimruhusu mtu kuongoza mazoezi kabla hajawasilisha cheti cha mafunzo kuhusu mtikisiko wa ubongo, yaani jeraha la ubongo linalotokana na kugongwa kichwa. Mimi nilichagua mafunzo ya HEADS UP, yanayotolewa bure mtandaoni na CDC, taasisi ya afya ya serikali ya hapa, nikayamaliza jioni moja.

Ubora wake mkubwa ni kwamba hayamgeuzi kocha kuwa daktari. Yanamtaka azijue dalili na amtoe mtoto uwanjani hata akiwa na shaka tu. Kupima na kuamua ni kazi ya mtaalamu wa afya. Dalili zenyewe zimeelezwa jinsi kocha anavyoziona: mchezaji anayeduwaa, asiyekumbuka matokeo wala nafasi anayocheza, anayejibu polepole, anayelalamika kizunguzungu au kuumwa kichwa. Jambo ambalo makocha waliolelewa kama mimi wanalihitaji zaidi ni kwamba wengi wanaopata mtikisiko hawazimii. Kwetu, aliyegongana kichwa na mwenzake alimwagiwa maji ya baridi, akasimama, na akifunga goli baadaye akasifiwa kuwa ngangari, ilhali ubongo ambao haujapona ukigongwa tena unaweza kupata madhara ya kudumu, au mtoto akafa. Sheria ya jimbo la Washington ya mwaka 2009 kuhusu mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo vijana, ijulikanayo kwa jina la Lystedt, ilitokana na kijana wa jina hilo aliyerudishwa mchezoni kwa namna hiyo hiyo, ingawa yeye alicheza mpira wa Kimarekani. Leo kila jimbo lina sheria yake.

Sehemu ya kumrudisha mchezaji nayo imepangwa vizuri. Kuna hatua sita, kuanzia shughuli za kawaida za shule hadi mechi yenyewe, kila moja ikichukua angalau saa 24, na dalili zikirejea mtoto anasimamishwa.

Palipo pungufu kwangu ni kwenye soka lenyewe. Kwa kuwa mafunzo yameandaliwa kwa michezo yote, kocha wa soka hana budi kutafuta kwingine kanuni za Shirikisho la Soka la Marekani, ambalo tangu mwaka 2015 limekataza watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa, mazoezini na kwenye mechi, na likawawekea kikomo cha kupiga vichwa mazoezini wale wa miaka 11 hadi 13. Asiyezisoma anaweza kuwa na cheti mfukoni huku akiwapigia krosi watoto wa miaka tisa.

Kwa kuwa wazazi wengi wa timu yangu ni wasemaji wa Kiswahili, niliandika dalili za hatari kwenye karatasi moja: kutapika mara kwa mara, degedege, mboni moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mtoto kutoamka. Kichwa cha habari ndicho kilichonisumbua, kwa sababu nilipoandika “kugongwa kichwa” mzazi mmoja alicheka akasema ni mambo ya mpira hayo. Nikafuta, nikaandika “mtikisiko wa ubongo”, naye akaomba nakala ya pili ya kumpa mkewe.